Si Ufalme wa Wanawake

Ziko sifa zinazoua. Hapana shaka Waminangkabau wa Sumatra ya Magharibi, nchini Indonesia, wamesifiwa kwa namna hiyo zaidi ya jamii nyingi za Kiislamu zinazopakana na Bahari ya Hindi. Kila mwandishi apitaye huko, awe mtaalamu wa mila au mpiga picha wa jarida la ndani ya ndege, hurudi na maneno yale yale: kwamba amewaona Waislamu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, wengi kuliko jamii nyingine yoyote ya aina hiyo duniani. Kisha hutia picha ya nyumba yenye paa lililopinda mithili ya pembe za nyati, na ya mwanamke aliyevaa kilemba chenye ncha mbili, na chini yake huandika kwamba huu ni ufalme wa wanawake. Msomaji wa mbali hulifunga jarida moyo umemtulia. Hakuambiwa nani analima, nani anadaiwa, wala ni nani aliyetia saini karatasi iliyouchukua msitu.

Nyumba iliyopigwa picha kuliko zote ni ile ya kifalme ya Pagaruyung, katika wilaya ya Tanah Datar. Ni nakala. Ilijengwa katika miaka ya 1970, ikapigwa radi na kuteketea Februari 2007, ikajengwa tena. Hakuna alalaye humo. Mgeni huazima nguo za harusi, hupigwa picha, hurudisha nguo, hupanda gari. Mwendo mfupi kutoka hapo ziko nyumba kubwa za kweli, rumah gadang, ambazo zamani ziliezekwa kwa nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi na leo, aghlabu, zimeezekwa kwa mabati, na nyingine zimeinama ubavu kwa kukosa wa kuzitengeneza. Hizo hazimo katika jarida.

Kijiji cha Minangkabau huitwa nagari, na mtu akilifasiri neno hilo kwa "kijiji" tu amelipunguza. Kwa mujibu wa ada, makazi hayawi nagari mpaka yawe na msikiti, ukumbi wa baraza, njia na mahali pa kuogea, na mpaka zipatikane koo, ambazo wao huziita suku. Majina ya koo za asili ni manne, Koto, Piliang, Bodi na Caniago, na kutokana na hayo yamechipuka mengine mengi. Mtoto huingia katika suku ya mama yake siku anapozaliwa na hatoki mpaka azikwe. Chini ya suku iko jamaa ya wazao wa bibi mmoja, iitwayo kaum, na jamaa hiyo ndiyo yenye nyumba, ghala la mpunga na, lililo kubwa kuliko yote, majaruba.

Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno mjomba, neno ambalo lugha kadhaa za Ulaya hazina, kwa kuwa kwao ndugu wa baba na ndugu wa mama ni mamoja. Bila ya neno hilo Minangkabau haifahamiki. Mamak ni mjomba, lakini mjomba mwenye kazi: yeye ndiye mwangalizi wa mali ya dada zake, mwamuzi wa ndoa za wapwa wake, na mmoja kati ya wajomba huvikwa cheo cha penghulu, akaitwa Datuk, akakaa barazani kuisemea jamaa nzima. Mume naye huishi katika nyumba ya ukoo wa mkewe akiwa mgeni wa heshima, na ada yenyewe humlinganisha na jivu lililo juu ya kisiki, ambalo upepo ukivuma huondoka nalo.

Sasa na aulizwe huyo aliyeandika "ufalme wa wanawake": malkia yuko wapi? Barazani wamekaa wanaume. Mwanamke mkuu wa nyumba, bundo kanduang, husikilizwa, na penghulu asiyemsikiliza hujuta. Lakini cheo cha penghulu hakimfikii. Mwanamke anashika, mwanamume anasema, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuuza. Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo, na ndipo wasifu wanapopapita kwa haraka kwa sababu hapapigiki picha. Mali iliyotoka kwa mababu, iitwayo pusaka tinggi, haina mwenyewe anayeishi leo. Waliopo ni watumiaji, waliokufa ni wenyewe, na watakaozaliwa ni wadai. Hata kuiweka rehani kumewekewa mipaka minne: maiti yumo ndani na hakuna cha kumzikia; binti amekuwa mkubwa na hakuna cha kumwozea; nyumba kubwa inavuja; au cheo cha penghulu kimelala na hakuna cha kumsimikia mtu. Nje ya manne hayo, mjomba akiweka rehani jaruba ameiba, hata kama ada ina adabu ya kutolitumia neno hilo.

Wanawake wa huko ambao historia imewataja haikuwataja kwa kuwa walirithi nyumba. Siti Manggopoh alitajwa kwa kuwa mwaka 1908, Waholanzi walipoleta kodi ya fedha, aliongoza watu wake usiku kuivamia kambi ya askari. Rohana Kudus wa Koto Gadang alianzisha skuli ya wanawake mwaka 1911 na gazeti lao mwaka uliofuata. Rahmah El Yunusiyah alifungua madrasa ya wasichana Padang Panjang mwaka 1923, na ilipofika mwaka 1957 Al-Azhar ya Misri ikamtunuku cheo cha Shekhe wa kike. Kuwaweka watu kama hao chini ya picha ya kilemba ni kuwavunjia heshima.

Upande wa pili wamesimama wakemeaji, nao wana hoja nzito zaidi. Wao husema: Kurani imegawa mirathi kwa hesabu iliyo wazi, mtoto wa kiume na mtoto wa kike wametajwa, basi mpwa ameingia wapi? Hoja hii si ya jana. Mwaka 1803 mahujaji watatu walirudi kutoka Makka wakataka kuisafisha nchi, na katika vita vya Padri vilivyofuata nyumba zilichomwa, damu ya ndugu ikamwagika, na Mholanzi akapata mlango wa kuingilia. Imam Bonjol, mmoja wa viongozi wa vita hivyo, alikamatwa mwaka 1837 akafia uhamishoni Sulawesi. Baadaye Shekhe Ahmad Khatib, mzaliwa wa Agam aliyekuwa imamu wa Kishafii katika Msikiti Mtukufu wa Makka na aliyefariki mwaka 1916, aliandika kwa ukali kuipinga mirathi ya watu wa kwao.

Lakini katika wanafunzi wa shekhe huyo huyo alitoka Haji Abdul Karim Amrullah wa Maninjau, baba yake Hamka, mtu ambaye hakuwa na staha mbele ya bid'a yoyote. Naye, baada ya kulizingatia jambo, alisema kwamba pusaka tinggi haigawanywi kwa kuwa haikuwa milki ya marehemu. Ni mfano wa wakfu, kama ile ardhi ya Khaybar ambayo Sayyidna Umar aliizuia isiuzwe wala isirithiwe, matunda yake yakatumiwa. Mwaka 1952 wazee wa ada, maulamaa na wasomi walikutana Bukittinggi wakakata shauri: alichochuma mtu kwa jasho lake kigawanywe kwa faraidhi, kilichotoka kwa mababu kiende kwa njia ya ada. Wakutanapo namna hiyo, wao husema wanatafuta mufakat, na msomaji wa Unguja na Pemba atalitambua neno hilo mara moja, pamoja na taabu ya kulifikia.

Msomaji wa Ngazidja naye hana haja ya kuelezwa zaidi, maana kwao iko manyahuli, ardhi ya ukoo wa mama, na misikiti yao haikupungua kwa sababu hiyo. Anayekemea, basi, na ajibu swali moja. Jaruba la nusu eka likigawanywa kwa warithi kumi na wawili, nani atalima kipande cha hatua tano? Hatalima mtu. Watamwuzia mwenye fedha, na mwenye fedha si mjane wala yatima. Faraidhi ilikuja kumlinda dhaifu, na kuitumia kumtoa dhaifu shambani ni kuigeuza uso. Hili halimaanishi kwamba kila mjomba ni mwaminifu. Wako waliokula rehani juu ya rehani, wakawasomesha watoto wao wa kuzaa kwa mpunga wa wapwa zao, kisha wakahutubia barazani juu ya utukufu wa mababu. Ada inawajua watu hao na ina methali za kuwachoma. Tatizo ni kwamba methali haimrudishi mtu shamba lake.

Ama pigo lililoikata nagari kiunoni halikutoka kwa mwanazuoni wala kwa mtalii. Lilitoka ofisini. Mwaka 1979 Serikali ya Soeharto ilipitisha Sheria namba 5 ya serikali za vijiji, iliyotaka Indonesia nzima, visiwa maelfu kwa maelfu, iwe na vijiji vya sura moja, na sura yenyewe ilikuwa ya kijiji cha Java. Fungu la fedha lilikuwa likitolewa sawasawa kwa kila kijiji, kikubwa au kidogo. Wakubwa wa mkoa walipiga hesabu wakaona kwamba nagari moja ingepata fungu moja, ilhali ikikatwa vipande itapata mafungu matano au sita. Mwaka 1983 nagari zaidi ya 500 zikakatwa, vikazaliwa vijiji zaidi ya 3,000. Vitongoji vilivyokuwa viungo vya mwili mmoja vikapewa kila kimoja mkuu wake, muhuri wake na mpaka wake. Msikiti ukabaki katika kijiji hiki, soko katika kile, na msitu wa wote ukawa hauna mtu wa kuusemea kwa mamlaka. Baraza la ada liliachwa, kweli, lakini liliachwa kama mzee anavyoachiwa kiti cha mbele harusini: kwa heshima, bila ya kuulizwa kitu.

Soeharto alianguka mwaka 1998, na mwaka 2000 mkoa ukapitisha kanuni ya kurudi katika nagari. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini kitu kilichokatwa kwa miaka 17 hakiungi kwa kutangazwa. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano vilipokatwa vijiji alikuwa sasa mtu mzima mwenye watoto, na barazani hakuwahi kukaa. Sheria mpya ya vijiji ya mwaka 2014 ikaja na mafungu ya fedha kwa kila kijiji, na hesabu ya mwaka 1983 ikarudi kimya kimya: nagari zikaanza kujigawa zenyewe, zamu hii kwa hiari, hata idadi ikapita 800. Fedha ile ilifanya kwa upole kazi iliyofanywa mwanzo kwa amri.

Novemba 2025 Indonesia ilitangaza mashujaa kumi wapya wa taifa. Katika orodha moja, siku moja, walikuwamo Rahmah El Yunusiyah na Soeharto. Kwa mtu wa nagari orodha hiyo haihitaji maelezo.

Na sasa ardhi, kwani yote yaliyotangulia yalikuwa njia ya kufika hapa. Mbali na majaruba ya jamaa, nagari ina ardhi ya wote: msitu, malisho, mabonde ambayo hayajalimwa, yaliyowekwa akiba kwa wajukuu. Ardhi hiyo huitwa ulayat. Mwaka 1874 Waholanzi waliieneza Sumatra kanuni yao isemayo kwamba ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni ya dola. Ushahidi waliotaka ni karatasi, na nchi ambayo mipaka yake ni mto, mti na kumbukumbu ya wazee haikuwa na karatasi. Indonesia huru ilipotunga sheria yake ya ardhi mwaka 1960 iliitambua ulayat, lakini ikatia masharti: maadamu bado ipo, na maadamu haipingani na maslahi ya taifa. Maneno "maadamu bado ipo" ni ya ajabu. Ni kama kumwambia mtu kwamba nyumba ni yake maadamu hajafukuzwa.

Angalia jinsi jambo linavyotendeka, maana ufundi wake ndio dhambi yake. Kampuni inataka kupanda michikichi, tuseme katika Pasaman ya Magharibi, ambako mabonde ni mapana. Hati ya kulima inayotolewa na serikali, yenye muda wa hadi miaka 35 na inayoweza kuongezwa miaka 25, kwa kawaida hutolewa juu ya ardhi ya dola. Kwa hiyo ardhi ya nagari kwa kawaida kwanza hugeuzwa kuwa ya dola. Wazee huitwa. Huletewa malipo ya adabu ambayo kwa ada huitwa siliah jariah, shukrani kwa jasho la waliofyeka mwanzo, na ambayo humpa mgeni idhini ya kutumia bila ya kumpa milki. Wazee hutia saini wakifahamu kwamba wameazima. Wao wana msemo: nyati akiinuka, dimbwi hubaki. Mgeni akiondoka, ardhi ni ile ile na wenyewe ni wale wale. Mwanasheria wa kampuni hausomi msemo huo. Kwake yeye saini ile ni ushahidi kwamba ardhi imeachiwa. Hati ikimalizika muda wake, nyati huinuka kweli, lakini dimbwi hurudi kwa dola, na dola humkaribisha nyati mwingine. Mjukuu ambaye ardhi iliwekewa akiba huenda kuomba kazi ya kukata mikungu ya michikichi katika shamba la babu yake.

Je, katika hayo yote, swali la nani anatawala, mwanamke au mwanamume, lina uzito gani? Na wale waliotumia karne mbili kubishana kama mpwa ana haki ya kurithi, waligundua lini kwamba hakuna kilichobaki cha kurithiwa?

Kijiji chenyewe nacho kina lawama, na wanaokipenda ndio wanaopaswa kuzitaja. Chini ya meza ya mufakat walikuwapo sikuzote watu wasio na sauti: wageni walioingia ukoo kwa kupokelewa, na kizazi cha watumwa, ambao lugha ya ada yenyewe iliwaita wapwa wa chini ya goti. Hamka, mzaliwa wa Maninjau mwaka 1908, alijenga riwaya yake maarufu, "Tenggelamnya Kapal van der Wijck", juu ya kijana ambaye baba yake ni Mminangkabau na mama yake si wa huko, kwa hiyo katika nchi ya babaye hakuwa na suku, na bila ya suku hakuwa mtu wa kuozwa. Kitabu kile kiliwaudhi wengi, na kuudhika kwao kulikuwa ushahidi kwamba kimepiga palipostahiki.

Wanaume nao wameondoka. Kusafiri kwenda kutafuta, merantau, ni fakhari ya kale, na mikahawa ya vyakula vya Padang iliyotapakaa Indonesia nzima ni matunda yake. Zamani mvulana wa miaka saba au minane alitoka nyumbani kwa mama akaenda kulala katika surau, nyumba ndogo ya ibada ya ukoo. Huko alijifunza Kurani, mieleka ya silek na maneno ya barazani, na kutoka huko njia ya safari ilikuwa karibu. Leo surau nyingi ni tupu baada ya Magharibi. A. A. Navis aliliona hilo mapema. Katika hadithi yake ya katikati ya miaka ya 1950, "Robohnya Surau Kami", mzee mtunza surau anasimuliwa kisa cha hujaji aliyetiwa motoni kwa sababu alisali maisha yake yote na kuiacha nchi yake yenye rutuba iliwe na wengine. Mzee anaposikia hayo anajiua kwa wembe. Wako waliosema Navis anaikejeli ibada. Alikuwa anazungumzia ardhi.

Wasafiri hurudi kwa Idi, barabara za milimani zikajaa magari, wakajenga nyumba za matofali ambazo miezi kumi na moja hazifunguliwi. Shambani anabaki mama wa miaka sitini akiatika mpunga kwa vibarua, na kibandani wanabaki wanaume na kahawa zao na dhumna. Fedha inatumwa, ni kweli. Fedha haijui mpaka wa jaruba.

Na mipaka imeanza kufutika kwa maana isiyo ya mafumbo. Mlima Marapi ulilipuka Desemba 2023 ukaua wapanda mlima 24. Mei 2024 mvua iliyateremsha majivu na mawe yake juu ya Agam na Tanah Datar, wakafa watu zaidi ya 60. Na mwishoni mwa Novemba 2025 mafuriko yaliyozikumba Aceh, Sumatra ya Kaskazini na Sumatra ya Magharibi yaliua watu zaidi ya 1,000. Maji yalipopungua, palipokuwa na kingo za majaruba palikuwa na uwanja mmoja wa tope na magogo. Hapo ndipo kumbukumbu ya bibi inapokuwa hati pekee, na mahali ambapo bibi amekufa au wajomba wako Jakarta, hakuna hati.

Serikali ina dawa yake. Tangu mwaka 2017 inaendesha mpango wa kuisajili ardhi ya nchi nzima, kipande kwa kipande, na katika fomu upo mstari mmoja unaouliza jina la mwenye ardhi. Jamaa nyingi humwandikisha mjomba kwa niaba ya ukoo, kwa sababu yeye ndiye msemaji. Mjomba atakufa. Watoto wake wa kuzaa ni wa suku nyingine, ya mama yao, na baadhi yao watakwenda mahakamani na hati yenye jina la baba yao. Hakimu atausoma ule mstari mmoja, na upande wa pili wa chumba watakuwa wamekaa dada za marehemu, mikono yao ingali na tope, wakingoja kuulizwa.